Sura ya Saba: Macho Yaliyotangulia Kishindo

Kengele ililia, ting, na presi ikashuka kwa kishindo kilichotikisa vioo vya madirisha. Bati la alumini lililoingia likiwa bapa kama sinia lilitoka likiwa sufuria. Sajenti aliruka kama mtu aliyekanyaga kaa la moto.

"Afande, hapa si mahali pa kuhojia watu," alilalamika, akijifuta shingo kwa leso. "Tangu tumefika narukaruka kama mbuzi."

"Ruka, lakini andika," Inspekta alimjibu. "Wao hawawezi kusimamisha kazi, na sisi hatuna siku ya kuchezea."

Kweli hawakuwa nayo. Ilikuwa Ijumaa, saa mbili na dakika arobaini asubuhi. Siku ya Jumatano mtunza stoo, mwanamke mtu mzima ambaye kiwanda kizima kilimwita Mama Funguo, alifungua stoo akakuta kalibu mpya haipo. Kalibu hiyo ni chuma cha kilo thelathini ambacho ndicho kinachoipa sufuria umbo lake. Ilichongwa kwa miezi kumi na moja, na hakuna kiwanda kingine chenye mfano wake. Mlango wa stoo haukuvunjwa. Dirisha lina nondo. Ufunguo ni mmoja tu, na kwa miaka kumi na minne umening'inia shingoni mwa mama huyo kwa kamba nyeusi. Meneja alishaandika barua ya mashtaka. Saa sita kamili angeitia saini, na Mama Funguo angepandishwa gari la polisi mbele ya watu aliowagawia vifaa kila asubuhi.

"Ufunguo mmoja, mtu mmoja," mkuu wa kituo alikuwa amesema kwenye simu. "Unangoja nini kufunga faili?"

Inspekta alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita, mfupi, mwenye daftari la shule lililofunikwa kwa karatasi ya kaki. Alianza na fundi wa presi, mtu mwenye mikono minene kama mapaja.

"Jumanne jioni ulimwona Mama Funguo akifunga stoo?"

"Nilimwona." Macho ya fundi yalifumba, yakafumbuka.

Inspekta aliandika: *kapepesa*.

"Alikuwa na mtu?"

"Peke yake." Akapepesa tena.

"Fundi, unamficha nani?"

"Mimi? Nimfiche nani, afande?" Na hapo napo akapepesa.

Inspekta alipiga mstari chini ya neno lake. Akamwita mama anayekata kingo za sufuria. Naye akapepesa. Akamwita mpiga msasa, mzee mwembamba aliyejaa unga wa alumini hadi kwenye nyusi. Naye pia. Inspekta alitazama daftari lake. Watu watatu, *kapepesa* kumi na moja. Ama kiwanda kizima kilikuwa kinamdanganya, ama yeye hakuwa anatazama vizuri.

Akafunga daftari. Akasimama kando ya presi bila kuuliza chochote, akawa anatazama nyuso tu.

Kengele. Macho yakafumba. Kishindo.

Kengele. Macho yakafumba. Kishindo.

Akamgeukia Sajenti. Kengele, Sajenti macho kodo. Kishindo; Sajenti akaruka.

Inspekta akafungua daftari, akakata kwa kalamu yote aliyoandika asubuhi hiyo, akarudi kwa fundi wa presi.

"Nisamehe, fundi. Nilidhani unanidanganya."

"Kwa sababu ya macho?" Fundi alicheka hadi tumbo likatikisika. "Huyo si mimi, afande. Ni macho yenyewe. Siku yangu ya kwanza hapa kengele ilikuwa kengele tu, haikunihusu. Kishindo ndicho kilichonifumba macho, kama kinavyomfanya huyo Sajenti wako. Basi, ting, puh. Ting, puh. Mara mia nne kwa siku. Wiki ya tatu nikagundua macho yanafumba kwenye ting, puh haijafika. Sikuyatuma."

"Ukiyakataza?"

"Hebu yakataze mate yako ndimu ikikatwa mbele yako."

Mama wa kingo akadakia: "Mwulize na habari ya nyumbani kwake!"

"Acha hayo wewe." Lakini fundi alishaanza kuyasimulia. "Mwanzoni hata kijiko kikigonga glasi napepesa. Mama watoto akadhani namkonyeza mdogo wake. Nusura nilale nje! Ila kijiko hakina kishindo nyuma yake. Kikagongwa, kikagongwa, macho yakaona hakuna kitu, yakaacha. Kengele hii ndiyo hayaiachi. Hata nitoke likizo ya mwezi mzima, nikirudi, ting ya kwanza tu yanafumba."

"Na kengele ikilia bila presi kushuka?"

Fundi alimtazama kwa heshima mpya. Swali lilikuwa la mtu wa kazi.

"Liliwahi kutokea. Presi iliharibika, kengele ikawa inalia bure kutwa. Kufikia jioni hakuna aliyepepesa. Tukasema tumepona. Kesho yake asubuhi, ting, wote tukapepesa upya."

Inspekta alikwenda kuikagua kengele yenyewe. Ilikuwa ya shaba, kubwa kuliko ngumi kidogo, yenye ufa ubavuni, na ufa huo uliipa sauti ya mkwaruzo isiyofanana na kengele yoyote aliyoijua.

"Ya lini hii?"

"Presi na kengele tulivikuta. Ni vya enzi za tanuri."

"Tanuri gani?"

"Zamani kiwanda kiliyeyusha alumini chenyewe. Miaka kumi na tano iliyopita tanuri likazimwa, watu wakaachishwa wote. Sisi tuliajiriwa mwaka uliofuata. Meneja ana miaka minne tu. Hakuna hata mmoja wa zamani aliyerudi."

"Orodha ya majina yao?"

"Waulize mchwa."

Inspekta aliandika, safari hii bila kupiga mstari.

Nje ya ofisi ya Meneja, Mama Funguo alikuwa ameketi kwenye benchi, mgongo umenyooka, kitambaa cheupe kichwani, mkono wake umefunika ufunguo kifuani. Midomo ilikuwa ikimtembea polepole. Inspekta alisubiri amalize kusali.

"Umekula, mama?"

"Sili mpaka jambo hili liishe, mwanangu. Na ufunguo huu simpi mtu. Waliniletea karatasi nitie saini kwamba nimeurudisha. Nikasema nitaurudisha nikiwa mwizi au nikiwa maiti, na sasa hivi si mwizi wala si maiti."

"Lile vumbi ulilonionyesha Jumatano, chini ya rafu ya mwisho…"

"Stoo yangu naifagia asubuhi na jioni. Vumbi lile si langu. Niliwaambia, wakanicheka."

Wote walikuwa wamelichukulia kuwa ni saruji, kwa sababu mwashi alipiga lipu ukuta wa nje wiki iliyopita. Inspekta mwenyewe alimfuatilia mwashi siku nzima ya jana, akakuta Jumanne alikuwa kitandani hospitali na mguu uliofungwa. Jana jioni, kabla ya kuondoka, alikuwa ametia vumbi lile kwenye kisosi pamoja na maji. Sasa alikitoa kisosi dirishani, akabonyeza kwa kidole. Kidole kikazama.

"Saruji ingekuwa jiwe sasa," alisema.

Mama Funguo aliinama, akachukua kidogo, akasugua kati ya vidole. "Hayo ni majivu, mwanangu. Hata mtoto wa jikoni anajua."

Inspekta alitazama juu. Juu ya paa la stoo kulikuwa na kisiki cha dohani, kimezibwa kwa bati. Alikiona tangu siku ya kwanza, na hakukiuliza.

"Mama, endelea kusali. Mimi naenda kuazima kengele."

Mtu aliyebaki kuhojiwa alikuwa mmoja tu. Kitabu cha getini kilionyesha kwamba Jumanne jioni, stoo ikiwa imeshafungwa, kulikuwa na mgeni: wakala wa vyombo kutoka mji mwingine, aliyekuja kuagiza sufuria mia mbili. Aliomba kuonyeshwa choo, akapotea dakika ishirini. Leo saa nne angekuja kuchukua mzigo wake. Meneja hakutaka aguswe.

"Ni mteja mkubwa," Meneja alisema, akizungusha kalamu. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye shati lililopigwa pasi hadi kwenye kola. "Na hajui hata presi ikoje. Mwenyewe amesema ni mara yake ya kwanza kukanyaga kiwanda."

"Ndiyo maana nataka kumwuliza mbele yako."

Saa nne watu walikwenda kunywa chai. Presi ilinyamaza. Fundi alifungua kengele kwa spana, na Sajenti akaiweka kwenye boksi nyuma ya pazia la ofisi, pamoja na glasi, kijiko, na kengele ya baiskeli ya mlinzi.

"Kwanza simu yako," Inspekta alimwagiza. "Kisha kijiko. Kisha baiskeli. Ile yenyewe iwe ya mwisho. Uipige mara tatu tu kwa jumla, na katikati urudie nyingine. Ukiigonga ovyo macho yatazoea, na tutaharibu kila kitu."

"Na nikipiga chafya?"

"Nitaiandika pia."

Wakala alikuwa mtu mnene mwenye ndevu zilizopambwa kwa uangalifu na pete mbili. Alikaa kwa raha, miguu mbele. Inspekta alikaa mahali anapowaona wawili hao kwa pamoja, Meneja na Wakala.

"Samahani kwa usumbufu. Umewahi kufanya kazi kiwandani?"

"Mimi?" Wakala alicheka. "Mimi ni mtu wa duka, mama. Baba yangu alikuwa wa duka. Mikono hii haijui spana."

Simu ililia nyuma ya pazia. Wote wawili waligeuka kidogo. Macho wazi.

"Na hapa hukuwahi kufika kabla ya mwezi huu?"

"Kamwe."

Kijiko kikagonga glasi. Hakuna kitu. Kengele ya baiskeli. Hakuna kitu, ila Meneja alikunja uso. "Nani huko nyuma?"

"Sajenti anatafuta faili. Jumanne ulikwenda wapi baada ya choo, bwana?"

"Nilipotea njia. Majengo yenu yanafanana."

Ting.

Macho ya Wakala yalifumba, mabega yakapanda karibu na masikio, yakashuka. Meneja alikuwa anatazama saa yake, hakutikisika. Wakala aliendelea kuongea kama mtu ambaye hakutokewa na lolote. "…ndipo nikamwuliza mlinzi, akanielekeza."

Inspekta aliandika saa: nne na dakika kumi na nane. Akauliza kuhusu mzigo, bei ya usafiri, afya ya watoto. Simu. Macho wazi. Ting. Macho yakafumba, mabega juu. Baiskeli. Macho wazi. Kijiko. Macho wazi. Aliacha dakika tatu nzima zipite, Wakala akisimulia biashara yake. Ting. Yakafumba.

"Inatosha, Sajenti. Lete boksi."

Sajenti alitoka akiwa amelikumbatia kama anabeba mayai. Inspekta aliitoa kengele yenye ufa, akaiweka mezani katikati ya karatasi za Meneja. Wakala aliitazama, na mguu wake mmoja ukarudi nyuma chini ya kiti.

"Bosi," Inspekta alimwambia Meneja, "ulisikia kengele hii mara ngapi?"

"Sasa hivi? Sikuhesabu."

"Mara tatu, na hukupepesa hata mara moja. Unaisikia kila siku kutoka mbali, lakini kishindo hakijawahi kukupiga usoni, kwa hiyo kwako ni kelele kama nyingine. Sajenti wangu kakaa na presi asubuhi moja, naye bado. Lakini kila mtu anayekula mshahara wake pale chini, kengele hii ikilia macho yake yanafumba kabla ya kishindo. Yamefundishwa na presi, mara mia nne kwa siku. Na mgeni wetu, ambaye hajui presi ikoje, kafumba mara tatu kati ya tatu. Kwa simu, hapana. Kwa kijiko, hapana. Kwa baiskeli, hapana."

Wakala akaangua kicheko.

"Mtanipeleka mahakamani kwa ajili ya kope? Hakimu atakufa kwa kucheka, mama!"

"Hakimu hatasikia habari ya kope. Kope si ushahidi." Inspekta alifunga daftari. "Zimeniambia tu kwamba ulisimama kwenye presi ile muda mrefu. Waliopo leo wote wanajuana, wewe hawakujui. Basi ulikuwepo kabla yao, enzi za tanuri. Na mtu wa enzi za tanuri anajua kitu ambacho sisi wote hatukijui. Bosi, tanuri lenyewe lilikuwa wapi?"

"Nadhani… dohani iko juu ya stoo."

"Mimi nimepika kwa mkaa miaka thelathini. Jiko likiwaka kutwa, majivu yanatolewa. Ya tanuri yalitolewa wapi? Hayakupitishwa mlango wa mbele ambao Mama Funguo anaufunga."

Wakala aliacha kucheka.

Waliteremka wote. Gari dogo la Wakala lilikuwa limeegeshwa nyuma ya stoo, wakati mizigo yote hupakiwa mbele, penye mizani. Inspekta alimwonyesha Sajenti gari hilo kwa kidevu tu. Mama Funguo aliletwa, akafungua kufuli kwa mkono wake mwenyewe, hakumpa mtu ufunguo. Ndani palikuwa pasafi: spana kwa ukubwa wake, skrubu kwenye makopo yaliyoandikwa kwa rangi nyeupe, matambara yamekunjwa kama shuka za hospitali.

"Rafu ya mwisho, mama. Ile yenye vumbi."

Fundi wa presi na mpiga msasa waliisogeza. Nyuma yake, kwa chini, palikuwa na kilango cha chuma kisichozidi upana wa mabega, kimepakwa chokaa sawa na ukuta. Chokaa pembeni mwake ilikuwa imepasuka upya. Fundi alisukuma. Kilango kikafunguka kwa nje, na mwanga ukaingia pamoja na majivu laini. Huko nje kilikuwa kimefichwa na lundo la mabati chakavu. Kati ya kilango na lundo palikuwa na shimo la matofali.

Sajenti alipiga magoti, akaingiza mkono hadi begani. "Kuna gunia," alisema. Kisha, kwa sauti nyingine: "Gunia zito."

Kalibu ilitoka ikiwa nzima, imejaa grisi, na juu ya grisi zilikuwapo alama za vidole zilizokaa wazi kama zimechorwa. Moja yao ilikuwa na alama pana ya pete.

Wote walimtazama Wakala. Yeye aliitazama kalibu kwanza, kisha presi iliyonyamaza kule ng'ambo ya ua, na akanyoosha mikono yake miwili mbele, viganja chini.

"Miaka sita," alisema. "Miaka sita niliiendesha presi ile, na vidole kumi vyote hivi hapa. Waulize hawa kama kuna anayeniweza. Lakini tanuri lilipozimwa hakuna aliyeniambia hata kwaheri."

"Uliiendesha vizuri, naamini," Inspekta alisema. "Sasa twende."

Sajenti alimfunga pingu mikono ile ile. Ilikuwa saa tano kasoro robo.

Meneja alikohoa. "Mama, kwa kweli… samahani. Tutazungumza ofisini."

Mama Funguo hakujongea. "Mwanangu, barua yako uliisoma mbele ya watu, wakati wa kugawa vifaa. Ofisini sina shida na wewe."

Meneja aliona haya, lakini alikwenda. Watu wote walikusanyika kando ya presi, vikombe vya chai bado mikononi, na Meneja akasema kwa sauti inayosikika kwamba Mama Funguo hakuiba, hakumpa mtu ufunguo, na kwamba mwizi alipita mahali ambapo hakuna aliyepajua. Na kwamba kama si yeye kufagia mara mbili kwa siku, majivu yale yasingeonekana. Kisha akaichana barua. Mama wa kingo akapiga kigelegele, mpiga msasa akapiga sufuria kwa nyundo. Mama Funguo alisimama wima katikati yao, akashika ufunguo wake, akasema, "Ashukuriwe Mungu. Sasa nani ana mkate?"

Fundi alirudisha kengele mahali pake, akafunga kalibu mpya kwenye presi, akaifuta kwa tambara kama anavyofutwa mtoto uso. Mama Funguo alikuja kusimama ubavuni mwa Inspekta, anatafuna.

Kengele ililia, na presi ikashuka. Sufuria ya kwanza ya umbo jipya ilitoka inang'aa, watu wakashangilia.

Ya pili. Ya tatu. Ya nne.

Mama Funguo hakuwa akizitazama sufuria. Alikuwa akimtazama Inspekta usoni, na polepole akaanza kutabasamu.

"Umejiona?"

"Nimejionaje?"

"Kengele ililia, ukafumba. Kishindo hakijafika."

Inspekta alisubiri. Kengele ikalia, na yeye alipojaribu kuyaweka macho yake wazi kwa nguvu zake zote, yalikwenda yenyewe, kidogo tu, yakarudi. Kisha kishindo.

"Asubuhi moja tu!" Mama Funguo aliwageukia wenzake, kifua mbele, kama mzazi ambaye mwanawe kashinda mtihani. "Mmemwona? Huyu sasa ni wetu. Leteni kikombe kingine!"